Chupa Iliyovunjika Ina Thamani: Je, Nani Anaipata?

Ndugu mfanyakazi, tazama nyuma ya nyumba za kambi ya shamba, nyuma ya kantini ya kiwanda, au kando ya njia iendayo sokoni. Utakuta vigae vya chupa. Ziko chupa za bia, za pombe kali, za dawa ya kikohozi, na vipande vya vioo vya madirisha. Mvua ikinyesha matope huvifunika, jembe likipita huvifukua. Mtoto huvikanyaga, mama akilima hujikata, na kila mtu husema kwamba hizo ni taka tu. Chuma chakavu hakikai chini siku mbili bila kuokotwa. Chupa ya plastiki nayo siku hizi imepata mnunuzi. Lakini kioo hukaa pale pale miaka nenda miaka rudi, maana hakiozi wala hakishiki kutu.

Hata hivyo, kigae hicho ni malighafi nzuri kuliko ile inayochimbwa ardhini, na wenye viwanda vya chupa wanalijua jambo hilo vizuri. Kwa nini basi thamani yake haimfikii yule anayeinama kukiokota? Jibu limo katika mambo matatu: umbali wa kiwanda, mizani ya mnunuzi, na upweke wa mfanyakazi asiye na chama. Mambo hayo yanafaa kuzungumzwa katika matawi yetu.

KIOO HUTENGENEZWA KWA NINI?

Chupa ya kawaida hutengenezwa kwa vitu vitatu vikubwa. Cha kwanza ni mchanga mweupe safi, ambao ni kama asilimia 70 ya kioo chote. Cha pili ni magadi. Cha tatu ni mawe ya chokaa. Mchanga ukiwa peke yake hauyeyuki mpaka joto lipite digrii 1,700, na moto wa namna hiyo ni ghali mno. Magadi hulishusha joto hilo. Chokaa nayo hukipa kioo uimara, kisilainike kwa maji. Vitu hivi huchanganywa na kutiwa katika tanuru lenye joto la digrii 1,500 hivi, vikawa uji mzito unaong'aa. Uji huo hukatwa matone, ukatiwa katika kalibu na kupulizwa kwa hewa mpaka ukawa chupa.

Magadi tunayajua sote. Mama zetu huyatia katika maharage ili yaive upesi, na wazee huyachanganya na tumbaku. Ziwa Magadi la Kenya lilipata jina lake kwa sababu hiyo. Kampuni ya kuchimba magadi mahali hapo iliundwa mwaka 1911, na tangu mwaka 2005 imo mikononi mwa kampuni ya Tata ya India. Karibu nusu ya magadi yote yanayotumika duniani huenda katika viwanda vya vioo. Kwa hiyo kigae kilicholala nyuma ya kantini kina ndani yake jasho la mchimba magadi, la mchimba mchanga, la mpasua mawe, la dereva, na la mwenzetu wa zamu ya usiku aliyesimama mbele ya tanuru. Tukikitupa, tunaitupa kazi hiyo yote.

Tanuru la kioo halizimwi jioni kama jiko. Likiisha kuwashwa hufanya kazi usiku na mchana kwa miaka 10 au zaidi, kwa maana likipoa kioo huganda ndani yake na matofali hupasuka. Ndiyo sababu kiwanda cha chupa hakijui Jumapili wala sikukuu, na ndiyo sababu kinataka malighafi kila saa.

FAIDA YA VIGAE KATIKA TANURU

Kigae kinapotiwa katika tanuru tayari ni kioo. Hakihitaji moto wa kuunganisha mchanga na magadi, kinahitaji kuyeyuka tu. Mafundi wa kazi hiyo wamepima na kuona kwamba kila asilimia 10 ya vigae katika mchanganyiko hupunguza matumizi ya moto kwa asilimia 2.5 hadi 3. Kiwanda kikitia vigae nusu na malighafi mpya nusu, mafuta au gesi hupungua kwa asilimia 12 hadi 15. Kwa mwenye kiwanda, mafuta ni moja ya gharama zake kubwa.

Aidha, tani 1 ya vigae hushika nafasi ya tani 1.2 hivi za malighafi mpya. Msomaji atauliza, hiyo sehemu iliyozidi inakwenda wapi? Inapaa hewani. Magadi na mawe ya chokaa yakichomwa hutoa hewa ya ukaa, hiyo hiyo inayozidisha joto la dunia na kuvuruga majira ya mvua ambayo mkulima wa chai na wa miwa anayategemea. Kigae kilikwisha kuitoa hewa hiyo siku ya kwanza kilipotengenezwa. Hakitoi tena.

Jingine la ajabu ni kwamba kioo hakichakai. Karatasi ikirudiwa mara kadhaa nyuzi zake hukatika. Plastiki ikiyeyushwa tena na tena huwa dhaifu. Lakini chupa yaweza kuyeyushwa ikawa chupa, na hiyo ikavunjika ikawa chupa nyingine, bila ubora kupungua.

Kuna faida nyingine inayomhusu mfanyakazi mwenyewe, nayo haisemwi sana. Vumbi la mchanga mkavu linapovutwa kwa miaka mingi huingia ndani ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo, uitwao silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, na humfanya mtu ashikwe na kifua kikuu kwa urahisi. Wanaoupata ni wachimba migodi, wapasua mawe, na wale wanaopakua mchanga katika viwanda vya vioo. Vumbi la kioo kilichosagwa huwasha macho, pua na koo, nalo si zuri kulivuta, lakini halina madhara makubwa kama lile la mchanga, kwa kuwa kioo kimeyeyuka na kupoteza umbo lile kali la mchanga. Kwa hiyo kila tani ya vigae inayoingia kiwandani hupunguza vumbi baya mahali pa kazi.

KWA NINI BASI VIMELALA JALALANI?

Sababu ya kwanza ni uzito na umbali. Kioo ni kizito, na bei yake kwa kilo ni ndogo sana ikilinganishwa na shaba au aluminiamu. Gari lililojaa aluminiamu hulipa mafuta yake na kubakiza faida. Gari lililojaa vigae, likisafiri mbali, huimaliza thamani ya mzigo barabarani.

Na viwanda vya chupa katika sehemu zetu ni vichache. Dar es Salaam kipo Kioo Limited. Mombasa kipo Milly Glass Works. Nairobi, katika eneo la Kasarani, kipo kiwanda kilichoanza kazi mwaka 1987 kwa jina la Central Glass Industries, ambacho baadaye kilipita mikononi mwa wenye mali wa Afrika Kusini, na mwaka 2022 kikaingia katika kampuni kubwa ya Ardagh yenye makao yake Ulaya. Kwa mwenzetu aliye Kampala, Nairobi ni zaidi ya kilometa 600. Kwa aliye Kigali, Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,300. Chupa husafiri kutoka huko zikiwa mpya kuja kwetu, lakini zikivunjika hazina nauli ya kurudi.

Hapa lipo jambo la kufikiria. Malori yanayoleta bidhaa kutoka bandarini mara nyingi hurudi pwani yakiwa na mzigo mdogo au matupu kabisa. Mzigo wa kurudi hulipiwa nafuu. Vigae vikikusanywa vingi mahali pamoja, vikachaguliwa vizuri, vyaweza kusafiri kwa nauli hiyo. Lakini mzoaji mmoja mwenye magunia 3 hawezi kuzungumza na mwenye lori. Kikundi chenye tani 20 kinaweza.

Sababu ya pili ni mizani. Kati ya mzoaji na tanuru wapo watu wengi: mnunuzi wa mtaani, mwenye ghala, mwenye lori, na wakala wa kiwanda. Kila mmoja hukata chake, na anayepangiwa bei bila kuulizwa ni yule wa chini kabisa. Mazungumzo ya namna hii husikika sana mahali pa kununulia:

"Shikamoo, mama. Lakini mzigo wako umechanganyika. Za kijani na nyeupe ziko pamoja, bei itashuka."

"Marahaba, mwanangu. Si juzi tu uliniambia nilete zote pamoja?"

"Si mimi, mama. Kiwanda ndicho kinasema hivyo."

Kiwanda hicho mama hajapata kukiona. Hajui kinalipa kiasi gani kwa tani, wala hajui kama mizani iliyo mbele yake ni ya kweli. Hebu tupige hesabu. Mizani ikipunja kilo 5 katika kila gunia la kilo 50, basi katika kila magunia 10 gunia 1 zima limepotea bure. Hiyo ni kazi ya siku nzima ya kuinama juani.

CHUPA INAYORUDI NA CHUPA ISIYORUDI

Kabla ya kuiyeyusha chupa iko njia iliyo bora zaidi, nayo ni kuijaza tena. Chupa ya bia au ya soda iliyotengenezwa nene kwa makusudi hayo huweza kurudi kiwandani mara 20 na zaidi. Huoshwa kwa maji ya moto na magadi makali, hukaguliwa, hujazwa, na safari huanza upya. Hakuna tanuru linalohitajika.

Kinachoirudisha ni fedha ya chupa. Mnunuzi hulipa kinywaji na chupa, na akiirudisha hurudishiwa fedha yake. Mpango huu tumeukuta tangu utoto wetu, na tumeuzoea hata hatuoni hekima yake. Mtoto aliyeona chupa ya soda njiani hakuipiga jiwe, aliikimbiza dukani. Na tangu dukani hadi kiwandani chupa hiyo ililisha watu: mpanga kreti, mpakiaji wa gari, mwosha chupa, mkaguzi.

Sasa tazama chupa zilizoko jalalani. Nyingi ni za pombe kali, za divai, za mchuzi na za dawa. Hizo kwa kawaida hazina fedha ya chupa, na hakuna anayezingojea. Tanzania ilipiga marufuku pombe ya viroba tangu tarehe 1 Machi 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Ilikuwa hatua nzuri, kwa maana viroba vilikuwa vinawamaliza vijana. Lakini pombe ile ilihamia katika chupa ndogo, nyingine za plastiki na nyingine za kioo, na chupa hizo zikimaliza kunywewa hutupwa hapo hapo.

Upande mwingine soda nyingi zimehamia katika plastiki isiyorudi. Kila kreti ya chupa za kioo inapoondoka na mahali pake pakachukuliwa na plastiki, kazi ya mwosha chupa na mpanga kreti inaondoka nayo. Chama kisikubali kuambiwa kwamba mabadiliko hayo ni ya kitaalamu tu. Ni mabadiliko ya ajira, na yapasa yazungumzwe mezani.

Kenya imepitisha sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022, na mwaka 2024 zikatoka kanuni zinazomtaka mzalishaji awajibike kwa vifungashio vyake hata baada ya mteja kuvitumia. Maana yake ni kwamba anayefaidika na chupa achangie gharama za kuikusanya. Nchi nyingine za jirani zitatazama mfano huo. Swali la chama cha wafanyakazi ni moja: fedha hizo zitafika mikononi mwa anayeokota, au zitaishia ofisini?

KUCHAGUA NI UFUNDI

Watu hudhani kuchagua vigae ni kazi ya asiye na kazi. Sivyo. Tanuru ni kama tumbo la mtoto mchanga, halipokei kila kitu.

Rangi huja kwanza. Chupa nyeupe, yaani isiyo na rangi, ndiyo yenye bei nzuri, kwa sababu yaweza kuwa chupa ya rangi yoyote. Chupa ya kijani ikiingia katika nyeupe, hata kidogo, huitia rangi na kuiharibu. Chupa ya kahawia hutengenezwa kwa makusudi ili kuzuia mwanga usiharibu bia na dawa, nayo huwekwa peke yake.

Baada ya rangi, angalia vitu vigeni. Kigae cha chungu, cha sahani au cha kikombe cha udongo hakiyeyuki pamoja na kioo. Hubaki kama punje ya jiwe ndani ya ukuta wa chupa mpya, na chupa hiyo hupasuka inapojazwa. Kifuniko cha aluminiamu kikiyeyuka humenyana na mchanga uliomo katika kioo na kuacha vishanga vigumu ambavyo navyo hupasua chupa. Risasi hutuama chini na kutoboa sakafu ya tanuru. Ukali wa jambo hili waweza kuuona katika kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2012: katika tani nzima ya vigae vilivyo tayari, mawe na vigae vya udongo havipaswi kufika gramu 100. Hiyo ni chini ya uzito wa kipande kimoja cha sabuni ya kuogea.

Mwisho ni vioo vya aina nyingine. Bakuli la kioo linaloingia katika moto wa jiko haliyeyuki kwa joto la chupa. Kioo cha mbele cha gari kina utando wa plastiki katikati. Kioo cha kujitazamia kina rangi na madini mgongoni. Taa ndefu za mirija zina zebaki, ambayo ni sumu, na hazifai kuvunjwa kamwe. Vioo vya madirisha vina soko lake, lakini viwekwe mbali na chupa.

Mtu anayejua haya yote na kuyafanya kwa macho na mikono yake, kilo baada ya kilo, ni fundi. Kiwanda cha Ulaya hufanya kazi hiyo kwa mashine za mwanga na hewa zenye bei kubwa. Huku kwetu hufanywa na mama aliyekaa juu ya ndoo. Ikiwa mashine hulipiwa, kwa nini macho ya mama yasilipiwe?

MKONO WA MFANYAKAZI

Hatari ya kwanza ni kukatwa. Jeraha dogo likiingia uchafu wa jalala laweza kuleta pepopunda, na pepopunda huua. Kila anayeshika vigae apate chanjo yake na airudie kwa wakati. Glavu za nguo hazitoshi, zinatakiwa za ngozi au za mpira mnene. Miguu ivae viatu vigumu, kandambili hazifai. Anayevunja chupa ili zichukue nafasi ndogo avunjie ndani ya pipa lenye kifuniko, avae miwani, na anyunyize maji ili vumbi lisiruke.

Hatari ya pili ni taka za hospitali. Vichupa vya sindano vikichanganyika na sindano zenyewe vyaweza kuleta homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Vichupa hivyo havipaswi kufika jalala la watu. Vikionekana, visishikwe, na chama kipeleke habari kwa wakuu wa afya.

Hatari ya tatu inawahusu hasa wenzetu wa mashambani. Chupa iliyokuwa na dawa ya kuulia wadudu au magugu isichanganywe na vigae vingine, na isitiwe maziwa, mafuta ya kula wala maji, hata ikioshwa mara ngapi. Mwajiri ndiye aliyenunua dawa ile, naye ndiye mwenye wajibu wa kuziondoa chupa zake kwa njia ya salama.

Na vifaa vya kujikinga nani anunue? Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mwezi Juni 2022 shirika hilo liliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi za wafanyakazi, pamoja na haki ya kuunda chama. Tanzania ina sheria yake ya usalama na afya kazini ya mwaka 2003, Uganda ya mwaka 2006, Kenya ya mwaka 2007. Kwa aliyeajiriwa katika ghala la vigae au kiwandani, glavu si zawadi ya bwana mkubwa. Ni haki.

Shida iko kwa yule asiye na mwajiri, anayeokota kwa siku na kuuza kwa siku. Yeye hana wa kumdai glavu. Huyo ndiye anayehitaji chama kuliko sisi sote.

WENZETU WALIVYOFANYA

Katika mji wa Pune nchini India, waokotaji wa taka, wengi wao wanawake wa tabaka zinazodharauliwa, waliunda chama chao mwaka 1993. Jina lake ni Kagad Kach Patra Kashtakari Panchayat. Maneno matatu ya kwanza maana yake ni karatasi, kioo na bati, yaani vile wanavyookota. Hawakuona haya kwa kazi yao, waliiandika katika jina la chama. Walidai watambuliwe kuwa ni wafanyakazi, wakapewa vitambulisho, na mwaka 2008 ushirika wao uitwao SWaCH ulianza kukusanya taka nyumba hadi nyumba kwa mkataba na manispaa ya mji. Jambo hilo liligeuza mambo. Taka zilianza kutoka mlangoni zikiwa zimetengwa, na kioo kikatoka kikiwa safi kabla ya kuchanganyika na sindano na matope.

Brazil nako, wazoaji waliunda umoja wao wa taifa mwaka 2001. Mwaka 2002 kazi yao iliingizwa katika orodha rasmi ya kazi za nchi, na sheria ya taka ya mwaka 2010 ikautaja ushirika wao kuwa mshiriki katika mpango wa taifa. Serikali haikuamka asubuhi moja ikawahurumia. Walikutana, wakaandamana, wakazungumza kwa sauti moja.

Kwa walio mbali na tanuru kubwa, ipo mifano midogo inayofaa kutazamwa. Kando ya mji wa Arusha, penye mashamba ya kahawa, karakana ya Shanga imewaajiri watu wenye ulemavu wanaotengeneza glasi, mapambo na shanga kwa vioo vilivyotupwa. Kitengela, karibu na Nairobi, wapuliza vioo hutumia vipande vya madirisha yaliyovunjika. Huko Ghana, Wakrobo wa Odumase husaga chupa kwa kinu, wakajaza unga katika kalibu za udongo, wakachomeka kijiti cha jani la muhogo katikati. Katika moto kijiti huungua na kuacha tundu la uzi, na shanga imekuwa tayari.

Kioo kilichosagwa laini kama unga chaweza pia kuchanganywa na saruji. Lakini mjenzi atahadhari. Vipande vikubwa vya kioo katika zege hupambana na saruji, na baada ya miaka ukuta hupasuka.

LA KUFANYA KATIKA TAWI

Tunatoa mambo matano ya kuzungumzwa katika mkutano wa tawi ujao.

1. Kila kambi na kila kantini iwe na mapipa ya kioo yaliyo mbali na watoto: moja la chupa nyeupe, moja la kahawia, moja la kijani. Mwajiri ayanunue.

2. Vioo vya kiwanda na vya shamba visitupwe wala visipewe tajiri mmoja kwa siri. Vitolewe kwa kikundi cha wazoaji kilichoandikishwa, kwa mapatano yanayojulikana na wote.

3. Kikundi kiwe na mizani yake, hata ikiwa ndogo. Anayepima mwenyewe kabla ya kwenda kuuza hapunjwi kwa urahisi. Kiulize pia bei ya kiwandani kwa tani, na kiiandike mahali wanachama wanapoweza kuisoma.

4. Glavu, viatu, miwani na chanjo ya pepopunda viingizwe katika mkataba wa hali bora kwa kila mfanyakazi anayeshika kioo, pamoja na wa muda na wa kibarua.

5. Chama kifungue mlango kwa wazoaji kuwa wanachama, kwa ada wanayoiweza. Mtu asikataliwe kwa sababu hana bwana wa kumwandika.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya taka, na kwamba chama kina mishahara ya kushughulikia. Lakini mwenye kuokota kigae leo ni nani? Ni mke wa mpakiaji, ni mtoto wa mvuna chai, ni mwenzetu aliyepunguzwa kazini mwaka uliopita. Akinyonywa yeye, fedha inayopungua ni ya nyumba zetu wenyewe.

Chupa moja iliyovunjika haina mnunuzi. Tani 20 zilizochaguliwa zinamlazimisha mnunuzi aje kuzungumza. Na kwa wafanyakazi mambo ni hayo hayo.